Sura ya Saba: Mechi Kumi na Nane, Jicho Moja

Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, saa 5 kamili kwa saa za Afrika Mashariki, Ligi ya Mabingwa Ulaya ilianzisha mechi 18 kwa mpigo. Timu 36 zilikuwa uwanjani, na bao likifungwa nchi moja liliishusha au kuipandisha kwenye msimamo timu iliyokuwa ikicheza nchi nyingine kabisa. Hakuna macho ya kutazama mechi 18. Ndiyo maana Ulaya kulikuwa na vituo vilivyotenga chaneli moja isiyokaa uwanja wowote: dakika mbili hapa, penalti kule, kadi nyekundu kwingine, halafu inarudi ilikotoka.

Katika vibanda umiza vya Katesh, Haydom au Dongobesh, kazi hiyo hufanywa na mwenye banda. Ana televisheni mbili, king'amuzi, rimoti na benchi zilizojaa vijana wenye mikeka ya kubashiri mfukoni. Mkeka umebadilisha sana utazamaji. Zamani mtu alikwenda bandani kuangalia timu yake. Leo ana timu sita asizozijua, na moja ikiteleza mkeka umechanika. Mtu huyo hataki mechi, anataka habari za mechi. "Kaka, hamisha!" anapaza sauti. "Tulia, kona ipigwe kwanza," anajibiwa.

Hapo mwenye banda ametii sheria ya kwanza ya fani hii ya kuhamahama bila kufundishwa na mtu. Huhami kona ikiwa inasubiriwa. Unahama kwenye goli kiki, kwenye sabu, mchezaji anapotibiwa au mabeki wanapopasiana katikati wakivuta muda. Mwongozaji wa matangazo aliyekaa mbele ya skrini ishirini anafuata sheria hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye ana wasaidizi, kila mmoja amepewa mechi yake asiiache, na kazi yao ni kumwambia kitu kabla hakijatokea. Anayesema "bao limefungwa" amechelewa. Anayetakiwa ni yule anayesema "winga amepita, hamia huku".

Mchungaji wa Kibarabaig kwenye miteremko ya Hanang angeielewa kazi hii upesi. Hamtazami ng'ombe anayekula majani vizuri. Anamtazama yule aliyeanza kusogelea shamba la mahindi.

Hata hivyo bao hufungwa wakati jicho liko kwingine, na hapa banda na studio hutengana. Mwenye banda akihama baada ya kelele za jirani atakuta wachezaji wanakumbatiana, basi. Studio inarekodi mechi zote wakati wote, kwa hiyo mwongozaji anarudi sekunde ishirini nyuma na kuonyesha shambulizi zima kana kwamba linatokea sasa. Kwa namna hiyo matangazo ya kuhamahama si mbashara kamili. Ni mbashara yenye mfuko wa nyuma. Sioni kosa, ilimradi mtangazaji aseme kwamba tunarudi nyuma kidogo. Kosa hutokea pale ubao wa matokeo pembeni ya skrini unapobadilika kabla ya picha: mtazamaji anaona 1-0 huku mpira bado uko miguuni mwa winga, na utamu wote umekwisha. Ndiyo sababu katika vituo makini yupo mtu ambaye kazi yake ni kuuzuia ubao ule hadi picha ifike.

Redio ilianza kuhamahama mapema kuliko televisheni. Italia ilizindua kipindi cha namna hii tarehe 10 Januari 1960, watangazaji wakiwa kila mmoja kwenye uwanja wake na ruhusa ya kumkatiza mwenzake bao likiingia. Mwanzoni walitangaza vipindi vya pili tu. Redio inaiweza kazi hii kwa gharama ndogo, kwa kuwa kuhama uwanja ni kuhama sauti.

Lakini kwa nini mechi zichezwe kwa wakati mmoja, wakati kituo cha televisheni kingependa kuuza kila moja peke yake? Jibu lina tarehe: 25 Juni 1982, mjini Gijón, Hispania. Algeria ilikuwa imemaliza mechi zake za kundi la Kombe la Dunia siku moja kabla. Ujerumani Magharibi na Austria zikaingia uwanjani zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani unazivusha zote mbili. Wajerumani walifunga mapema, kisha timu zote mbili zikatembeza mpira hadi mwisho. Algeria ikatolewa. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa ile ile. Matangazo ya kuhamahama ya televisheni ya leo, kwa sehemu, ni mtoto wa hila ile.

Ligi Kuu yetu pia hufuata busara hiyo raundi za mwisho. Mashabiki wa Manyara wana sababu ya karibu ya kulijua hilo tangu timu ya Fountain Gate ilipoanza kutumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati. Timu inayopigania kubaki inacheza mechi yake na mechi za wengine, na shabiki aliye jukwaani hutega sikio moja redioni.

Watu wa Mbulu na Hanang wanaijua kazi hii kwa upande mwingine pia, ule wa kuhamwa. Nyanda hizi zimetoa wakimbiaji wa masafa marefu, na riadha nayo hutangazwa kwa kuhamahama. Uwanja mmoja una mkuki, kuruka juu, kuruka chini na mita 10,000, vyote kwa wakati mmoja. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Mwongozaji huonyesha mitatu ya kwanza, anaondoka kwenda kwenye mkuki, anarudi kengele ikikaribia. Katikati ya hapo mbio huweza kuamuliwa, na mtazamaji asione.

Mbio za marathoni za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane, Oktoba 1982, zinafaa kusomwa na kila mwongozaji. Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni wa michezo hiyo mwaka 1978 na mshindi wa mita 10,000 siku chache kabla, aliongoza pamoja na Juma Ikangaa. Nyuma yao, mbali, alikuwa Robert de Castella wa Australia. Palikuwa na mbio mbili barabara moja: Watanzania wakijaribu kuua mchezo mapema, na mwenyeji akiwafuata polepole. Kamera ikikaa mbele tu, mtazamaji anaona watu wawili wanakimbia vizuri. Ikikaa nyuma tu, anaona mtu mmoja peke yake. Hadithi iko kwenye pengo, na pengo halionekani ila kwa kuhama huku na huku na kuandika sekunde kwenye skrini. Shahanga alilegea kwanza. Ikangaa alipambana hadi kilomita za mwisho, akamaliza kwa saa 2:09:30, sekunde 12 nyuma ya de Castella. Hanang hawakuona chochote: televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Habari za Shahanga zilifika kwa redio.

Kuhama kuna mpaka wake, na mpaka huo aliuonyesha John Stephen Akhwari wa Mbulu kwenye marathoni ya Olimpiki, Oktoba 1968, mjini Mexico. Alianguka akaumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Hakuna mwongozaji wa mbashara anayeweza kumsubiri mtu wa mwisho dakika 65, na sitamlaumu. Picha zake akimaliza zipo kwa sababu kulikuwa na kamera iliyomrekodi wakati watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka. Matangazo yanayohama yanahitaji kamera zisizohama. Zikiondolewa kwa kubana matumizi, hakuna pa kurudi.

Kwa hiyo, wenye vituo vyetu vya televisheni: mkirusha mashindano ya riadha, mkabidhini mtu mmoja mbio ndefu tangu mlio wa bastola hadi mwisho. Ahesabu mizunguko, apime pengo, aliweke kwenye skrini hata mkuki ukiwa hewani. Anatosha mtu mmoja mwenye saa ya kupimia.