Bibi Hakuwa na Rangi Hiyo

"Mpige bibi, lakini msafishe kidogo." Jamaa huniambia hivyo kila Idi, yaani nimfanye mweupe. Hapo nakataa. Wajukuu waliozaliwa Muscat wengine watamjua kwa picha hiyo tu.

Mambo haya ya zamani. Maabara za filamu zilipanga rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ikiitwa Shirley. Weusi wetu wakatoka kama mkaa. Google walileta Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021, inasaidia, ila mwanga mbovu ni mbovu tu.

Kwanza zima kile kipambo cha uso kwenye simu. Zima na taa za sebuleni, mweke bibi karibu na dirisha, jua lisimpige. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa nje, shavu moja linakuwa chungwa, jingine buluu. Ukuta wa kijani nao humrudia usoni. Lakini balaa kubwa ni kanzu nyeupe za vijana: kamera inaziona, inapunguza mwanga, bibi anapotea. Gusa uso wake kwenye kioo, si kanzu.

Mimi pia huangalia hina mkononi mwake. Ikitoka zambarau, basi na uso umeshaharibika.