Kabla Hujabomoa Jiko la Zamani

Mavuno yakiisha kuuzwa na fedha kidogo zikabaki, wakulima wengi wa mashamba ya settlement hufikiri kutengeneza jiko upya. Ni jambo jema. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, waliopata mashamba walishughulika kwanza na ng'ombe, pareto na viazi, na jiko likajengwa upesi upesi kwa mabaki ya mbao. Katika maboma mengi jiko la leo bado hufuata mfano wa lile la kwanza. Lakini kabla hujamwita fundi, soma haya.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: mtu huanza na vitu vinavyoonekana kutoka barabarani. Hununua mabati mapya, mlango mzuri na rangi. Lakini ndani moto hubaki chini juu ya mawe matatu kama zamani. Tena kuta mpya zilizozibwa vizuri hufungia moshi kuliko zile mbao za zamani zilizokuwa na nyufa. Basi mpishi ametumiliwa fedha nyingi ili akohoe zaidi. Na moshi si jambo la macho kutoka machozi tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yake vilikuwa vya watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto aliyebebwa mgongoni huvuta moshi ule ule anaouvuta mama yake.

Kwa hiyo panga moshi na moto kwanza, rangi baadaye.

Anza nje kwenye majani. Chukua vigingi na kamba, upime ukubwa wa jiko unalotaka, tuseme futi 10 kwa 12. Weka debe mahali pa moto, sanduku mahali pa meza, na jerikeni mahali pa maji. Kisha mwite yule anayepika kila siku, umwombe atembee humo kama anayeandaa chakula cha jioni. Atakuambia mara moja kwamba mlango uko upande mbaya, au kwamba kuni ziko mbali. Kuhamisha kigingi hakuna gharama. Kuhamisha ukuta kuna gharama. Ikiwa wewe, bwana, ndiwe mwenye kushika fedha, usione haya kusikiliza.

Wale wa Kinangop na Ol Kalou wana jambo moja zaidi. Kwao baridi ni kali, na jioni jamaa wote huja kuota moto. Usipowawekea mahali, watakaa katikati ya jiko na meza, na sufuria ya uji wa moto itapita juu ya vichwa vya watoto. Weka benchi kando ya ukuta, upande ambao mpishi hapiti.

Sasa jiko lenyewe. Liinue kutoka chini ili mtoto anayetambaa asiangukie motoni, na mpishi asikunje mgongo. Lakini usiliinue kama meza. Anayesonga ugali hukandamiza mwiko kwa nguvu kutoka juu, na jiko likiwa refu mabega humuuma. Chukua sufuria yako kubwa, uiweke juu ya matofali, uongeze au upunguze mpaka ukingo wa sufuria uwe chini kidogo ya kiwiko chake. Hicho ndicho kipimo. Pima ukingo wa sufuria, si uso wa jiko. Jiko la udongo liitwalo Maendeleo, ambalo wengine hulijua tangu miaka ya 1980, linaweza kujengewa juu ya kiunzi cha namna hii. Usilizungushie simiti karibu na moto, kwa maana simiti hupasuka kwa joto kali. Tumia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga.

Moshi utoke kwa dohani inayopita paa na kusimama juu ya kilele chake kama futi 2, ili upepo usiurudishe ndani. Mbao za paa zisikaribie bomba. Kata nafasi pana uizibe kwa bati. Paa la nyasi lisitobolewe kabisa. Dohani isiyosafishwa hujaa masizi na kuacha kuvuta, basi acha mlango mdogo chini wa kuyatolea. Kama fedha za dohani hazipo mwaka huu, weka madirisha 2 yanayotazamana na uache nafasi chini ya paa. Moshi hautakwisha, lakini utapungua. Na kuni zikauke kabla ya kutumiwa: jenga kibanda chake nje, chenye paa na kisicho na kuta.

Mwenye kutumia gesi aweke mtungi nje, mahali penye kivuli na hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini sakafuni mpaka ikute moto wa kuni. Na jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata usiku wa baridi, kwa sababu hewa yake huua bila kunuka.

Maji ya mvua uyakinge kutoka paa la nyumba kubwa, si la jiko, maana masizi huharibu ladha yake. Sakafu ya simiti ni nzuri, lakini inaweza kungoja. Udongo wa murram uliopigwa vizuri utakutosha mwaka mmoja au miwili.

Jiko likiisha kujengwa, liache likauke polepole kwa majuma 2 au 3, na katika nchi ya baridi zaidi ya hapo. Halafu washa moto mdogo wa vijiti siku chache kabla ya kupika. Nyufa ndogo zikionekana, zizibe kwa udongo ule ule, na uchunguze kama moshi unatoka juu ya paa au mlangoni.