Ngoma za Mpakani na Tijara ya Midundo ya Umeme

Mwaka 1971 ilitoka Ufaransa sahani moja ambayo ndani yake mtunzi Michel Bernholc alizichukua sauti za wapiga ngoma wa Burundi, zilizonaswa mwaka 1967 na kutolewa na lebo ya Ocora, akazipambia kinanda na gitaa, hata ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Jina lililochapwa juu yake lilikuwa Burundi Steiphenson Black, wala si la mpiga ngoma hata mmoja. Na miaka kumi baadaye bendi za London, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zikajipatia umaarufu kwa mapigo ya namna hiyo hiyo.

Habari hii yawahusu sana watu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Burundi. Bugufi, ambayo sasa ni sehemu ya Ngara, kabla ya wakoloni kuchora mipaka, ilikuwa chini ya mwami wa Burundi. Lugha za Wahangaza na Washubi wa huko ni ndugu wa Kirundi. Na katika falme za Maziwa Makuu ngoma ilikuwa alama ya enzi. Basi rasilimali ambayo soko la muziki wa kielektroniki linaitafuta leo, wilaya hizi zaijua tangu zamani.

Soko lenyewe limekwisha kusogea karibu. Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja mwaka 2015, na lebo yake ya Kampala ikautangaza Ulaya muziki wa singeli wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam kwa mkusanyo wa mwaka 2017. Mwaka huo huo lilitokea kundi la Nihiloxica, ambamo wapiga ngoma wa Kiganda hucheza papo kwa papo pamoja na mitambo ya Waingereza wawili. Albamu yao ya Kaloli ilitolewa mwaka 2020 na Crammed Discs ya Ubelgiji.

Ama gharama za kazi hii ya kuzikutanisha ngoma na mitambo, aghalabu humwangukia mwenye ngoma. Gogo la mringaringa huchongwa likawa tupu ndani, ngozi ya ng'ombe ikalowekwa, ikavutwa na kukazwa kwa vigingi vya mti, kisha ikaanikwa. Na inyeshapo mvua ngozi hulegea, sauti ikashuka, hali kinanda cha umeme hakibadiliki, hivyo hapana budi ngoma zioteshwe moto kabla ya onyesho. Fauka ya hayo, katika upigaji wa Kirundi ngoma iitwayo inkiranya huongoza, ngoma za ibishikizo huifuata, na zile za amashako hushika mwendo bila kukoma. Prodyuza akinasa zote kwa kipaza sauti kimoja, hawezi tena kuzitenga, na kazi hupungua thamani.

Majirani wameitambua thamani hiyo. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, na mwaka 2017 serikali yao ikatoa amri ya kuidhibiti, ikiwa ni pamoja na kuwakataza wanawake kuipiga. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 hulinda sanaa za jadi: atakaye kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, yampasa aombe idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Lakini sheria haimfai asiyekuwa na ushahidi wa kazi yake.

Kwa hiyo vikundi vya Ngara na Biharamulo na vijisajili BASATA, vinase midundo yao kila ngoma kwa mkondo wake, viiandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mkataba wa ijara na mgawo wa mauzo uandikwe kabla mtambo haujawashwa. Ngara ina Radio Kwizera tangu mwaka 1995, hivyo elimu ya kunasa sauti si ngeni huko. Mwenye kumiliki sauti iliyonaswa ndiye alipwaye. Mwenye kupiga tu hushangiliwa, akaenda zake.