Si Kila Mwizi wa Kuku ni Kicheche

Huku Meru na Embu, kuku akiuawa, mara nyingi mtuhumiwa ni mmoja tu: kicheche. Jina hilo limebebeshwa makosa ya wanyama wengi. Kifaranga atowekaye mchana bila tone la damu huenda kanyakuliwa na mwewe. Banda likivunjwa mbao na kuku wengi wakauawa kwa mkupuo, ashukiwe nyegere. Kicheche, kiumbe mdogo, hana nguvu hizo. Kanu naye hupenya usiku katika upenyo mwembamba, akala kichwa na kifua, mzoga akauacha. Wanafunzi wengi hawayajui majina haya, na asiyemjua mwizi hutega nyama yenye sumu. Hufa mbwa wake mwenyewe. Kanu hurudi kwa upenyo uleule usiozibwa.