Nauli Si Makazi

Atokaye Mpanda kwenda Majimoto hupita Sitalike, hukata Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha huingia Kibaoni na kushika bonde la Mpimbwe lielekealo Ziwa Rukwa. Mahali penyewe pamepata jina kutokana na chemchemi za maji ya moto. Ni nchi ya mpunga, na kwa sababu hiyo ni nchi ya wageni pia. Wafugaji na wakulima kutoka Usukuma wamekuwa wakihamia bondeni humo kwa miaka mingi. Wachuuzi wa mchele huja na kuondoka. Vibarua hufuata mavuno. Mahali pa namna hiyo hapakosi mtu asiye na pa kulala.

Habari za mtu huyo ndizo tunazotaka kuzinena leo. Watu wamezoea kudhani kuwa asiye na makazi ni mtu wa Dar es Salaam, wa chini ya daraja na kwenye baraza za maduka. Wasomaji wetu walioko vijijini watamtambua vilevile pasipo sisi kumtaja jina. Ni bibi mjane aliyenyoshewa kidole cha uchawi, naye akaiacha nyumba yake usiku kwa kuokoa roho. Ni kibarua aliyeugua baada ya mavuno, ambaye tajiri wake amekwisha ondoka, na kwao ni mbali. Ni mtoto alalaye chini ya meza za soko, ambaye kila mmoja humdhani kuwa ni wa jirani.

Je, watu hawa hutendewa nini? Mara nyingi jibu letu ni moja tu: huchangiwa nauli. Wazee wa mtaa hukusanya fedha, mtu hupandishwa gari, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Hatuwalaumu wanaochanga, maana wanatoa katika kidogo walicho nacho. Lakini yafaa tujiulize mazoea haya tumeyatoa wapi. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya mafukara, na kwa sheria hiyo mtu asiye na kazi wala riziki aliweza kuondolewa mjini na kurudishwa kwao. Na tusijitakase kwa kuwataja wakoloni peke yao. Sisi wenyewe mwaka 1983 tulipitisha sheria ya Nguvu Kazi, watu wakakusanywa mijini na kupelekwa mashambani. Fikira iliyo ndani ya sheria zote mbili ni hiyohiyo: kwamba fukara ni mzigo wa mahali pengine. Bibi aliyefukuzwa kwa tuhuma ya uchawi tukimpa nauli ya kurudi kwao, tunamrudisha kwa nani?

Mtu atasema kwamba Kata haina fedha za kujenga nyumba za maskini. Twajibu kwamba nyumba siyo iliyo ngumu. Watu wenye nia, wakiwa na miti, udongo na nyasi, humwinulia mtu kibanda cha kumfaa kwa siku chache. Kilicho kigumu ni kiwanja ambacho hapana atakayemwondoa, na jina lake kuandikwa mahali ambapo zahanati, shule na ofisi ya kijiji zote zitalitambua. Ushahidi wa neno hili hatuna haja ya kuufuata Ulaya. Upo katika mkoa wetu wenyewe wa Katavi.

Mwaka 1972 maelfu na maelfu ya watu walikimbia mauaji Burundi wakaingia nchini mwetu bila kitu mkononi. Mwaka 1973 yalifunguliwa makazi ya Katumba karibu na Mpanda, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo, ambayo yalipokea wengi waliokuwa wamejazana Ulyankulu, Tabora. Kazi ile iligawanywa kwa mapatano ya pande tatu. Serikali ilitoa ardhi, ikaweka mkuu wa makazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilileta fedha. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lijulikanalo kwa herufi TCRS, likapasua barabara, likachimba visima, likajenga zahanati na shule. Wakimbizi wenyewe walifyeka pori na kujijengea nyumba. Kila jamaa ilipewa shamba, majembe na mbegu, na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Wakavuna, wakajilisha, hata wakawa wauzaji wa chakula kwa wengine.

Hatusemi kwamba yalikuwa maisha ya peponi. Mtu hakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, na jambo hilo liliwachoma wengi. Lakini angalieni jinsi kazi ilivyopangwa: anayetoa ardhi, anayetoa dawa na anayetoa mbegu walikuwa na mapatano yaliyoandikwa, na kila mmoja alijua mahali kazi yake inapokoma na ya mwenzake inapoanza.

Sasa tutazame upande wa pili wa habari hiyo, maana ndio wenye mafundisho makali zaidi. Mwaka 2007 watu wa makazi yale ya mwaka 1972 waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kubaki. Walikuwa kiasi cha 218,000, na katika kila watano karibu wanne walichagua kubaki. Mwaka 2010 zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia. Lakini waliambiwa pia kwamba makazi yatafungwa na wao watatawanywa katika mikoa mingine. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2011, na vyeti vya uraia havikuanza kutolewa hata mwaka 2014. Katika miaka hiyo ya kungoja, watu wale walikuwa na nyumba, lakini hawakujua kama watakuwamo mwakani. Na nani atapaua upya nyumba ambayo huenda ataamriwa kuihama? Nani atapanda mwembe? Paa lilikuwapo, lililokosekana ni neno la kuaminika la kwamba hapa ni pako.

Turudi Majimoto. Vyombo vipo, na twathubutu kusema ni vingi. Yupo balozi wa nyumba kumi, mazoea tuliyorithi toka siku za TANU. Yupo mwenyekiti wa kitongoji, ipo Halmashauri ya Kijiji, yupo Mtendaji wa Kata, ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata. Halmashauri ya Wilaya ina afisa wa ustawi wa jamii. Yapo makanisa na misikiti. Tunalolia ni kwamba vyombo hivi havikutani juu ya mtu mmoja. Mzee asiyeweza kulipa ana haki ya kutibiwa bure, lakini hutakiwa athibitishwe na kijiji chake; naye aliyefukuzwa kijijini atathibitishwa na nani? TASAF hunusuru kaya maskini. Asiye na mlango wake si rahisi kuhesabiwa kaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mwananchi atoe habari kwa serikali ya mtaa wake anapoona mtoto anadhurika. Lakini baada ya habari kufika mezani, mtoto alale wapi usiku ule ule?

Kwa hiyo twaomba mambo machache ambayo hayangoji bajeti ya Dodoma. Ofisi ya Kata ifungue daftari moja la watu wasio na makazi, na mtu mmoja, mwenye jina, alishike na kuulizwa. Balozi amwonaye mgeni amelala nje amwandikishe siku hiyohiyo. Barua itokayo katika daftari hilo ipokelewe na zahanati na shule kama barua ya kijiji. Nyumba mbili tatu za waumini au wajumbe wanaoaminika ziteuliwe kupokea watoto na kina mama kwa usiku wa kwanza, kwa kujulikana na afisa wa ustawi na polisi, ili wema usigeuke mwanya wa uovu. Na kila kijiji kitumie mamlaka kiliyopewa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kitenge viwanja vichache kwa watu hawa, Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali mbele ya wote na kuandikwa katika muhtasari. Hapo yule bibi atakuwa amepewa ulinzi na kijiji kizima, naye amnyosheaye kidole atajua kwamba anabishana na kijiji.

Twajua liko litakaloleta ubishi. Ardhi ya Mpimbwe si ile ya zamani. Hifadhi upande mmoja, mifugo na mashamba upande mwingine, na wenyeji wana haki ya kuuliza kwa nini mgeni apewe. Na waulize, lakini waulizie mkutanoni, si kwa kumvunjia mtu kibanda usiku.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hutakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mvua huanza Novemba. Wenyeviti wa bonde la Mpimbwe na waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano utakaotangulia mvua hizo, nasi tutauliza lilivyoamuliwa.