Thou si neno la heshima

Mimi niliyekulia Kamanyola, ambako mzee mmoja huulizwa "mulilala muzuri?" kwa wingi, nilidhani thou ni namna ya Waingereza ya kumheshimu Mungu. Nilikosea.

Katika Kiingereza cha karne ya 16, thou ilikuwa nafsi ya pili umoja ikiwa kiima, na thee ikiwa yambwa. Ye na you zilikuwa za wingi. Lakini wakubwa walikwisha zoea kuambiwa you hata wakiwa peke yao, kama vous ya Kifaransa. Thou ikabaki ya mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu au mtu wa kudharauliwa. You ilipoenea kwa kila mtu, thou ikatoweka polepole katika mazungumzo ya kawaida.

Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilihifadhi tofauti ya umoja na wingi. Katika Luka 22:31-32, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka you, yaani mitume wote. Bali amemwombea thee, yaani Simoni peke yake. Kiingereza cha leo hufanya zote mbili kuwa you; Kiswahili bado kina ninyi na wewe.

Basi tunapotafsiri, tuulize kwanza: wanaoambiwa ni wangapi? Heshima tuiulize baadaye.