Kiziwi Anaposema kwa Rangi



Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), na watu wa mwambao huu wamezoea kuona wachoraji. Basi si ajabu mzazi akamkuta mwanawe kiziwi ameshika brashi, anajaza turubai kwa rangi zisizo na sura ya mtu wala mnyama: buluu nzito, wekundu uliokatika ghafla, nuru ndogo pembeni. Huuliza mambo mawili. Hiki ni kitu gani? Na je, si haramu?

La pili ni jepesi, tulianze. Mzozo wa wanazuoni juu ya picha umesimama kwenye viumbe wenye roho. Ibn Abbas (R.A.) alipoendewa na mtu aliyeishi kwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Rangi tupu ziko mbali zaidi na shaka kuliko mti.

La kwanza ndilo zito. Mzazi huyo huyo hupita chini ya mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wenye maua na minyororo, asiulize maana yake. Kwa nini mwanawe tu ndiye adaiwe tafsiri?

Kiziwi katika nyumba isiyojua lugha ya alama hufiwa bila kusimuliwa. Babu yake huzikwa, naye huona tu jeneza likitoka. Huzuni hiyo huenda wapi? Kwa aliyejaaliwa mkono, huenda kwenye turubai, na matumaini nayo hufuata huko huko. Goya, mchoraji wa Hispania aliyepoteza usikivu kwa maradhi kwenye mwaka 1793, aliendelea kuchora kwa miaka zaidi ya thelathini, na kazi zake zenye uzito mkubwa, kwa maoni yangu, ni za baada ya ukimya huo.

Lakini rangi peke yake haimtoshi mtu. Qur'ani yatusimulia Nabii Zakaria (A.S.) akisema na watu siku tatu kwa ishara, na Bibi Maryam akimwashiria mwanawe mchanga. Mafaqihi nao wakaikubali ishara ya bubu inayofahamika isimame mahali pa maneno, katika ndoa na katika biashara. Tuliochelewa ni sisi. Shule ya Viziwi Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974. Madrasa zetu ngapi zina mwalimu wa alama? Khutba ngapi hufasiriwa? Baba hupeleka watoto wanne chuoni, wa tano akabaki nyumbani kwa kuwa hasikii. Mara nyingi kinachomzuia si umaskini, ni haya mbele ya jirani.

Mzazi wa namna hiyo na aanze na alama za udhu na za swala, ambazo haziwezi kumshinda. Kisha asimame mbele ya turubai ya mwanawe, amwulize kwa mkono ni rangi ipi aliyoitanguliza.